Tezi ya pineali haimwagi furaha ubongoni: inachofanya na serotonini mchana na usiku

Wiki chache zilizopita shangazi yangu alinirushia sauti ya WhatsApp ya dakika saba. Mzungumzaji, mwanamume mwenye sauti ya utulivu, alisema kuwa katikati ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pineali. Hiyo, kwa maelezo yake, ndiyo "jicho la tatu", ndiyo inayomwaga serotonini, "kemikali ya furaha", ubongoni kote, na kwa wengi wetu imezibwa na dawa ya meno. Tiba yake: uache dawa ya meno, ule ndizi kwa wingi, na kila asubuhi ulikodolee jua macho kwa dakika kumi. Chini yake shangazi aliandika: "Mwanangu, wewe uliyesomea mambo haya, ni kweli? Mdogo wako ameacha vidonge vyake vya sonona, anasema anafungua tezi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Sauti ile imechanganya mchele na chuya, na chuya zenyewe zimepakwa rangi ya mchele. Pineali ipo. Serotonini imo ndani yake, tena kwa wingi wa kushangaza. Mwanga wa jua unaihusu sana. Ila namna mambo haya yanavyoungana sivyo alivyoeleza, na mgonjwa akikosea hapo anaumia.

Tuanze na maneno yenyewe. Tezi ni kiungo kinachotengeneza kemikali na kuitoa itumike mwilini. Nyingine hutoa kwa mfereji, kama tezi za mate. Nyingine humwaga moja kwa moja kwenye damu, na kemikali ya namna hiyo, inayosafiri na damu kupeleka amri mbali, huitwa homoni. Pineali ni ya kundi hili la pili. Ukubwa wake ni kama punje ya mchele, uzito wake kama miligramu 100 hadi 150, na umbo lake ni la tunda la msonobari, ndiko lilikotoka jina lake la Kilatini. Imekaa katikati, upande wa nyuma, baina ya nusu mbili za ubongo.

Sehemu nyingi za ubongo ziko mbilimbili, kulia na kushoto. Pineali ni moja tu. Upekee huo ulimvutia mwanafalsafa wa Ufaransa René Descartes, aliyeandika mwaka 1649 kuwa hapo ndipo roho inapokutana na mwili. Kazi halisi ya tezi hii ilianza kufahamika zaidi ya miaka 300 baadaye, na aliyefungua njia alikuwa daktari wa ngozi. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa akitafuta dawa ya mabaka meupe ya ngozi. Ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1917 kuwa ukiwapa viluwiluwi maji ya pineali ya ng'ombe, ngozi yao hupauka. Lerner na wenzake wakakusanya tezi za ng'ombe kwa maelfu, wakazichuja, na mwaka 1958 wakatangaza homoni waliyoipata. Wakaiita melatonini. Dawa ya mabaka haikupatikana, lakini homoni ya usiku ilipatikana.

Serotonini ni kitu kingine, ingawa majina yanafanana. Ni kemikali ya ujumbe: seli moja huitoa, seli jirani huipokea na kubadili mwenendo wake. Ilipatikana mwaka 1948 mjini Cleveland na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, tena kwenye damu, wakichunguza kinachobana mishipa. Mwaka 1953 Betty Twarog na Page walionyesha kuwa imo ubongoni pia. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili wako iko tumboni, ikisaidia utumbo kusukuma chakula. Ubongoni ina mkono katika usingizi, hamu ya kula, maumivu, kichefuchefu, joto la mwili na hisia. Kuiita "kemikali ya furaha" ni kama kuita maji "kitu cha kufulia".

Majiko mawili, unga mmoja

Fikiria nyumba mbili mtaa mmoja, kila moja na jiko lake. Zote hununua unga duka moja. Unga huo ni triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, ambacho mwili hauwezi kukitengeneza. Lazima utoke kwenye chakula kama mayai, maziwa, samaki, maharage, karanga na nyama.

Jiko la kwanza ni la ubongo wenyewe. Liko kwenye shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, katika vikundi vya seli viitwavyo viini vya rafe. Ni seli laki chache tu kati ya takribani bilioni 86 za ubongo, lakini nyuzi zake zimeenea karibu kila pembe. Serotonini unayohitaji kwa hisia zako hupikwa hapa.

Jiko la pili ni pineali. Nayo huchukua triptofani kwenye damu na kupika serotonini yake. Ukipima kwa uzito, pineali ni miongoni mwa sehemu zenye serotonini nyingi kuliko zote mwilini. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu ni rahisi kudhani kuwa tezi iliyojaa serotonini hivyo lazima inaugawia ubongo. Haigawi. Majiko haya yanatumia hata vimeng'enya tofauti, yaani protini zinazoendesha upishi wenyewe: mwaka 2003 iligundulika kuwa ubongo una kimeng'enya chake cha kuanzia kazi hii, tofauti na kile kinachotumika tumboni na kwenye pineali. Zaidi ya hayo, serotonini iliyo kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Kati ya damu na ubongo pana ukuta wenye geti kali. Triptofani inapitishwa, serotonini inazuiwa.

Basi pineali inaipeleka wapi serotonini yake? Inaigeuza. Mfikirie mwanamke anayeuza maandazi. Donge la unga uliokandwa linakaa kwenye beseni likisubiri. Moto ukiwashwa, donge linakatwa na kukaangwa, maandazi yanajaa sinia, beseni linabaki tupu. Serotonini ni donge hilo. Mchana kutwa hurundikana ndani ya pineali. Giza likiingia, vimeng'enya viwili huishika kwa zamu na kuifanya melatonini, ambayo humwagwa kwenye damu. Kwa hiyo ndani ya tezi hii serotonini huwa nyingi mchana na hupungua usiku, wakati melatonini inafanya kinyume chake: huanza kupanda mnamo saa mbili au saa tatu usiku, hufika kileleni kati ya saa nane na saa kumi za usiku, kisha hushuka kukaribia alfajiri. Hatua nyingi za upishi huu zilifafanuliwa na Julius Axelrod wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake pana kuhusu kemikali za ujumbe.

Sauti ile ya WhatsApp, kwa kifupi, imeugeuza mto. Pineali haiuzi serotonini. Inaitumia.

Nani anawasha moto?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu njia yenyewe ni ya ajabu na ndiyo inayoeleza mengine yote.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, zimo seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima kama kuna mwanga au hakuna. Hutumia rangi ya asili iitwayo melanopsini, inayoshtushwa zaidi na mwanga wa buluu, ule wa anga la mchana na wa kioo cha simu. Melanopsini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1998 na Ignacio Provencio na wenzake katika seli za ngozi ya chura, chura wa kusini mwa Afrika anayefugwa maabara nyingi duniani. Mwaka 2002 ikaonyeshwa kuwa seli hizo za retina huhisi mwanga zenyewe, bila kutegemea seli za kuonea. Ndiyo maana baadhi ya watu wasioona kabisa bado miili yao inajua mchana na usiku.

Habari ya mwanga hutoka retina hadi saa kuu ya mwili, fundo la seli kama 20,000 lililo juu ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana. Ungetarajia kutoka hapo ujumbe uruke moja kwa moja hadi pineali, ambayo iko umbali wa sentimita chache. Hauruki. Unashuka hadi kwenye uti wa mgongo kifuani, unatoka nje, unapanda hadi fundo la neva shingoni, kisha unarudi kichwani, kama mtu wa Kariakoo anayekwenda Ilala kwa kupitia Kibaha. Ushahidi wa njia hii uko kwa wagonjwa: watu waliokatika uti wa mgongo sehemu ya shingo hupoteza mpando wa melatonini wa usiku, ingawa tezi yao ni nzima.

Usiku, ncha za neva hizo humwaga noradrenalini, kemikali nyingine ya ujumbe, juu ya pineali, na hiyo ndiyo njiti ya kiberiti. Mwanga mkali ukikupiga machoni saa sita usiku, njiti inazimwa na upishi unakoma ndani ya dakika chache. Dawa fulani za presha, kama atenololi na propranololi, huziba sehemu ambazo noradrenalini hushika, ndiyo sababu baadhi ya wanaozitumia hulala kwa tabu na kuota ndoto kali. Hilo ni la kumweleza daktari wako. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani kuacha ghafla kunaweza kuudhuru moyo.

Je, basi pineali haigusi serotonini ya ubongo hata kidogo?

Inagusa, kwa njia ya mbiu. La mgambo likilia lina jambo, na melatonini ni mbiu hiyo: inapita kwenye damu ikitangaza kwa kila kiungo kwamba ni usiku. Saa kuu ya mwili, iliyotoa amri ya kwanza, nayo ina masikio ya kuisikia, yaani vipokezi vya melatonini, na ikiisikia huzidi kukaza majira yake. Saa hiyo hiyo inapokea nyuzi za serotonini kutoka kwenye rafe. Na rafe, kwa upande wake, hufanya kazi kwa kufuata kukesha na kulala: seli zake hupiga kwa mwendo wa kawaida ukiwa macho, hupunguza ukilala, na karibu zinanyamaza kabisa wakati wa ndoto. Kwa hiyo pineali, saa kuu na rafe wanaongea kwa zamu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Kinachoamuliwa katika mazungumzo hayo ni wakati: rafe ipande lini, ishuke lini.

Mtu aliyeondolewa pineali kwa upasuaji wa uvimbe hufundisha mengi. Melatonini karibu hutoweka katika damu yake. Serotonini ya ubongo haikauki, maana jiko la rafe halijaguswa. Kama tezi hii ingekuwa bomba la furaha, watu hao wangetumbukia katika giza la milele, na hawatumbukii.

Kuna pia dawa ya sonona, agomelatini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2009, inayobonyeza vipokezi vya melatonini na wakati huo huo kuziba kipokezi kimoja cha serotonini. Kuwepo kwake kunaonyesha kuwa mifumo hii miwili inakaribiana kiasi cha kutibika kwa pamoja. Haionyeshi kwamba mmoja unaulisha mwingine.

Lakini wote wawili wana bwana mmoja, naye ni mwanga. Mwaka 2002 watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Gavin Lambert, walichapisha kazi ngumu kufanya: walichukua damu kwenye mshipa wa shingo unaotoka ubongoni kwa wanaume 101 wenye afya, katika misimu mbalimbali, wakapima mabaki ya serotonini iliyotumika. Mzunguko wa serotonini ubongoni ulikuwa mdogo zaidi majira ya baridi, na ulipanda kadiri siku ya kipimo ilivyokuwa na saa nyingi za jua. Pineali huwaka usiku kwa kukosekana mwanga. Rafe huchangamka mchana wenye mwanga. Anayeviona viwili hivi vikipishana anaweza kudhani kimoja kinakisukuma kingine, kumbe vyote vinafuata jua.

Kwetu karibu na ikweta hilo ni rahisi kutolihisi. Nairobi urefu wa mchana haubadiliki hata kwa nusu saa mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti ni kama dakika 50. Ndiyo maana tunahesabu saa kuanzia macheo na hesabu haitusaliti: saa moja asubuhi ni saa moja ya mwanga, Januari na Julai. Ndugu yetu akihamia Stockholm, Desemba atapata mchana wa saa sita hivi, na Juni zaidi ya saa 18. Wengine huko huingiwa na sonona kila majira ya baridi yanapofika. Hali hiyo ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake, na hutibiwa pia kwa taa yenye ukali wa lukisi 10,000 (lukisi ni kipimo cha ukali wa mwanga) asubuhi. Ukiwa na ndugu ughaibuni anayelalamika kuwa kila Novemba mwili unamwishia, usimwambie ni uvivu.

Huku nyumbani shida inakuja kwa mlango mwingine. Nje, hata siku ya mawingu, mwanga ni maelfu ya lukisi. Ndani ya duka lenye mlango wa geti au ofisi ya taa mbili ni mia chache. Tunashinda gizani, kisha usiku tunajiwashia mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na kikundi cha Boston uliwaweka watu 116 katika mwanga wa kawaida wa chumbani, chini ya lukisi 200, kabla ya kulala. Ikilinganishwa na mwanga hafifu, muda wa melatonini ulifupika kwa takribani dakika 90. Taa ya kawaida tu ya sebuleni.

Chuya zilizobaki

Jicho la tatu lipo, kwa wengine. Tuatara, mtambaazi wa New Zealand anayefanana na mjusi, ana jicho dogo utosini, lenye lenzi na retina. Hata mijusi wa jamii ya agama, wale wenye kichwa chekundu wanaoota jua juu ya mawe, wana alama ya jicho kama hilo. Kwa ndege, pineali yenyewe huhisi mwanga kupitia fuvu. Kwetu sisi uwezo huo umepotea. Tezi inategemea macho mawili. Ndiyo sababu ushauri wa kulikodolea jua unanitia hofu kuliko yote: jua linaunguza retina, na retina ndiyo mlango pekee wa mwanga kuifikia pineali. Kutembea nje asubuhi kunatosha kabisa, macho yakiangalia njia.

Kuhusu tezi "kuzibwa": watu wazima wengi wana chembe za chokaa ndani ya pineali, ziitwazo mchanga wa ubongo. Zamani madaktari wa eksirei walizitumia kama alama ya kujua katikati ya ubongo. Ni kweli pia kuwa floridi, ile inayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, hujikusanya penye chokaa, na mwaka 2001 mtafiti Jennifer Luke aliipima kwenye pineali za wazee 11 waliofariki. Kipimo hicho hakikuonyesha kuwa tezi zao zilizimika, wala hakikuhusu furaha yao. Mtu wa Arusha au Meru anayo sababu ya kweli ya kuijali floridi, kwa kuwa maji ya maeneo yale yenye asili ya volkano yanayo nyingi na yameharibu meno na mifupa ya watu wengi. Suala hilo ni la maji ya kunywa, na wataalamu wa maji wanalishughulikia hivyo.

Ndizi ina serotonini, lakini getini haipiti. Kula ndizi kwa sababu ni chakula kizuri.

Na melatonini ya dukani inatangaza usiku. Haimwangushi mtu kama dawa ya usingizi, na saa unayoimeza ina uzito kuliko wingi wake. Vipimo vya Marekani vya mwaka 2023 kwa bidhaa 25 za kutafuna vilikuta moja haina melatonini kabisa, na katika nyingine kiasi cha ndani kikiwa kati ya asilimia 74 na 347 ya kilichoandikwa kwenye kopo.

Nirudi kwa mdogo wangu. Sonona si tangi la serotonini lililopungua, na sasa wanasayansi wengi wanalisema hilo waziwazi. Vidonge vya kawaida vya sonona hugusa serotonini siku ile ile, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa, ishara kwamba ubongo unajipanga upya taratibu. Kuna wanaopona kwa vidonge hivyo, kuna wanaopona kwa mazungumzo na mtaalamu, wengi kwa vyote viwili. Kuvikata ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na mishtuko kama ya umeme kichwani, na mtu akiyapata hayo hudhani tezi ndiyo inafunguka.

Nilimpigia jioni ile. Baada ya salamu nikamwachia aseme yeye kwanza. Akaniambia jambo ambalo sauti ya dakika saba haikuligusa: kwamba kwa miezi miwili anaamka saa kumi za usiku, hapati tena usingizi, na saa hizo ndizo mbaya kuliko zote. Kuamka mapema hivyo ni dalili ambayo madaktari wa akili huitafuta kwa mgonjwa wa sonona, na hakuwa amemwambia daktari wake kwa kuona ni jambo dogo. Tukakubaliana aandike kwenye daftari saa anayolala na saa anayoamka kila siku, taa ya chumbani izimwe saa tatu, na Jumatatu aende kliniki na daftari hilo na vidonge vyake mkononi. Shangazi alisema atamsindikiza.